Pumzi ya Mlangoni

12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na bado unawatesa wazee wako wa ukumbini kwa mazoezi. Sisi hatujambo. Baba goti linamsumbua lakini hakubali. Akishuka ngazi anasema ngazi ndizo zimechakaa. Mke wangu anakusalimu. Binti yetu ametimiza miaka minne, na mtaa mzima sasa unamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Nakuandikia maana simu na masikio yako havipatani. Mara ya mwisho tulipigiana kelele mpaka jirani akaja kuamua ugomvi.

Nimehamishwa wodi. Sasa niko wodi ya kifua, upande wa kifua kikuu sugu, kile ambacho dawa za kawaida hazikiwezi. Kila mgonjwa ana chumba chake chenye mlango unaofungwa. Barakoa nzito, zile za kuzuia vijidudu vya hewani, tunapewa moja kwa wiki. Ukimaliza zamu unaiweka kwenye bahasha ya karatasi yenye jina lako, kesho unaivaa tena. Ikifika Alhamisi inanuka kama soksi.

Sasa neno lililonileta. Metroni ameagizwa awatafutie wauguzi kitu cha kupunguza uchovu. Akauliza kikaoni nani ana wazo. Nikasema shangazi yangu anafundisha yoga, ile ya kupumua. Watu wakacheka. Metroni hakucheka, akaandika. Kwa hiyo naomba utuandikie hayo mazoezi ya pumzi, kwa lugha ya watu waliochoka.

Hata mimi nayahitaji. Wiki iliyopita alifariki mgonjwa niliyemhudumia tangu nihamie. Tulimfunga shuka, nikanawa, nikaenda kula, na katikati ya kula nikawaza kwamba chakula hakina chumvi. Ni hilo tu nililowaza. Nikifika nyumbani Redio ananirukia, nami najikuta nimesimama kama nguzo ya umeme. Nimekufa ganzi, Shangazi. Silalamiki. Natoa taarifa.

Mtoto wa kaka yako


3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini inasomeka. Mimi mzima. Wazee wangu nao wazima, isipokuwa fundi saa, yule mwembamba, alisinzia katikati ya zoezi akaanza kukoroma, na wenzake wakadhani ndilo zoezi lenyewe, wakamfuata. Mwambie kaka yangu ngazi hazina kosa. Sikufanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitali maisha yangu yote ili ndugu yangu achechemee.

Andika haya. La kwanza ni kupumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Hilo peke yake lingetosha, lakini najua watu hawaamini kitu rahisi. La pili ni pua moja moja: unaziba tundu la kulia kwa kidole gumba, unavuta kwa kushoto, kisha unaziba la kushoto, unatoa kwa kulia. Hapa nasimama kidogo. Nyinyi mnashika wagonjwa siku nzima. Mtu asipeleke kidole puani kabla ya kunawa kwa sabuni, na asinawe kama anayeogopa maji. La tatu ni pumzi ya nyuki: midomo imefungwa, unatoa pumzi kwa kuvuma. Siku ya kwanza mtaona haya. La nne ni kubana pumzi kidogo kabla ya kuitoa. Kidogo, nimesema. Siyo mashindano.

Fanyeni nje, au penye madirisha wazi pande mbili, na kila mtu akae mbali na mwenzake. Anayekohoa asije, aende kupima.

Kuhusu ganzi, sina dawa yake ya kutia kwenye bahasha. Nilipokuwa kazini nilimwona daktari mmoja akiandika cheti cha kifo huku anapiga mluzi. Hakuwa mtu mbaya. Baadaye mkewe aliniambia kwamba nyumbani alipiga mluzi hata mtoto wao alipoanguka mtini. Kwa hiyo chunga isije ikahamia nyumbani. Msalimie mkeo. Gauni alilonishonea limenikaa, mpaka fundi saa amelisifia.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwema. Baba amekubali kutembea na fimbo. Anasema ni kwa ajili ya mbwa.

Mazoezi yako yamepokelewa. Tunafanya nyuma ya chumba cha kufulia kabla ya kupokezana zamu, penye upepo, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Siku ya pumzi ya nyuki mgonjwa mmoja aliita nesi kulalamika kwamba jenereta imewashwa na umeme upo. Daktari wa wodi akitukuta huko sasa anauliza, "Mzinga, hamjambo?" Metroni ametusifia kwa wakubwa.

Lakini kilichowashika watu ni kubana. Najua ulisema siyo mashindano. Kuna mwenzangu, muuguzi tunayemwita Mashine kwa kasi yake. Huyu anabana pumzi na kutandika kitanda kizima, mpaka kona. Mimi namfuata kwa karibu. Ndipo wazo likaja, sikumbuki kwa nani. Kazi nyingi za vyumbani ni fupi. Unaingia, unaweka dawa, unarekebisha dripu, unatoka. Ukibana, huvuti hewa ya chumba. Kama huvuti, barakoa ya nini? Tunaziwekea akiba barakoa kwa kazi ndefu, kama kumwosha mgonjwa au kuchukua makohozi, na Ijumaa inafika zikiwa bado na umbo. Mashine anasema sisi ni wapiga mbizi wa nchi kavu.

"Vuta," ananiambia mlangoni. "Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Zama."

Basi tunazama.

Imenisaidia hata nyumbani. Redio akinirukia kabla sijaoga, nabana. Hata nikishaoga, mara nyingi nabana. Sitaki kumpulizia chochote, yeye wala mama yake. Hawajui. Nimekuwa fundi kiasi kwamba najibu maswali kwa kutikisa kichwa tu na hakuna anayeshtuka.

Ahsante kwa mafunzo. Nalala vizuri. Sioti kitu.

Mtoto wa kaka yako


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Ningekuandikia mapema, lakini nyumba yangu ina pilikapilika siku hizi. Nimenunua godoro jingine. Kikombe changu cha bluu kimevunjika, na aliyekivunja amenieleza kwa kirefu jinsi kilivyoruka chenyewe. Usiulize.

Acheni leo. Naanza na hilo, sababu zinafuata, kwa kuwa watu wenye haraka huishia mstari wa kwanza.

Ukibana pumzi, mwili hausahau. Ukiiachia, unavuta pumzi kubwa kuliko zote za siku hiyo, mdomo wazi, mpaka chini kabisa ya mapafu. Na unaivutia wapi? Mlangoni. Umefungua mlango, hewa ya chumba imekufuata nyuma kama paka, na wewe hapo hapo unaimeza. Aliyepumua kawaida ndani akiwa na barakoa yuko salama kuliko wewe. Tena iko siku mgonjwa atakukoholea katikati ya dripu, utashtuka, na mshtuko huvuta pumzi bila kukuomba ruhusa. Vijidudu vya kifua hubaki vinaelea hewani muda mrefu baada ya aliyekohoa kunyamaza. Vina subira kuliko wewe.

Niliwaandikia zoezi la kutuliza moyo. Halizuii ugonjwa. Hakuna pumzi ya yoga, ya nyuki wala ya simba, inayozuia kifua kikuu. Kinachozuia ni dirisha lililo wazi, barakoa inayokaa vizuri usoni, na mgonjwa kumeza dawa zake. Wasomee wenzako. Anza na huyo Mashine.

Na huko nyumbani: kifua kikuu hakisafiri na shati. Kama huumwi, huna cha kumpulizia mtu. Kama unaumwa, kubana hakutawaokoa, kwa sababu huwezi kubana mpaka asubuhi.

Barua yako haikuwa na salamu za mkeo. Siulizi. Nakuambia tu kwamba nimeona.

Shangazi yako


21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu. Sababu zipo, siyo zote za kuandika. Baba mzima. Nyumbani kumetulia.

Barua yako nilimsomea Mashine tukiwa kwenye benchi la kufulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Shangazi yako anajua sana. Sasa mwambie atuletee na barakoa." Nikacheka. Akainuka, akaenda zake vyumbani, akasimama mlangoni, akavuta, akazama.

Mwezi wa sita alianza kukohoa. Alisema ni vumbi la mashuka. Sare ikaanza kumpwaya, akasema amepunguza kula makusudi, tukampongeza. Metroni ndiye aliyemshika mkono akampeleka kupima. Ni sugu. Amelazwa katika chumba cha nne, kile alichokuwa akikisifu kwa sababu kitanda chake hutandikika upesi. Hakuna anayeweza kusema aliupata ugonjwa lini wala wapi. Angeweza kuupata hata akiwa na barakoa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo, siyo kwa sababu inanisaidia.

Alipolazwa yeye, masanduku ya barakoa yakatoka stoo. Yalikuwepo muda wote, hakuna aliyekwenda kuyaulizia. Akaja bwana mmoja wa kuzuia maambukizi kutupima nyuso. Unavaa barakoa, anakufunika kichwa kwa kofia kubwa yenye kioo mbele, halafu anapuliza humo ndani dawa chungu. Ukionja uchungu, barakoa inavuja. Mimi nilionja.

"Ndevu," akasema. "Zinainua barakoa."

Nimenyoa. Nilikaa na ule uchungu ulimini mchana kutwa, sikunywa maji kuuondoa. Ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi kwa muda mrefu, nikaona nisikifukuze.

Sisi wengine tumetoa makohozi na kupigwa eksirei. Majibu bado. Nikienda kumwona Mashine navaa kila kitu. Jana alinitazama kwenye macho, maana ndiyo pekee yanayoonekana, akauliza, "Unapumua kweli humo ndani, au unanizamia?" Nikasema napumua. Hakuniamini. Sikulia, Shangazi. Nilimwinulia mto, nikatoka.

Mtoto wa kaka yako


10 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mwenzako. Barua yako ilifika nikiwa naelekea ukumbini. Niliisoma njiani, na nilipofika nikawaambia wazee leo wapumue wenyewe.

Umeandika nyumbani kumetulia. Kumetulia kwa sababu hamna mtu. Mkeo alikuambia anakwenda kwa mama yake. Alipita kwangu kunisalimia mwishoni mwa mwezi wa nne na hakuendelea na safari. Yuko hapa, yeye na Redio. Aliniomba nisikuambie, nami nikakubali, kwa sharti kwamba ukianza kunidanganya ruhusa yangu imekwisha. "Kumetulia" siyo uongo kamili, lakini umeukaribia.

Mwanzoni sikumwuliza kitu. Tulikuwa tunaanika nguo, akaanza mwenyewe.

"Shangazi, marehemu mume wako alikuwa anakoroma?"

"Kama trekta."

"Ulikuwa na bahati."

Nikamtazama.

"Wangu hana sauti," akasema. "Nikimsogelea anakaza shingo, anatazama dari, kama napita na ndoo ya taka. Bora ningeolewa na kabati. Kabati ukilifungua hulia."

"Ulimwuliza ana nini?"

"Nilimwuliza. Akatikisa kichwa."

Hapo nikaona siwezi kunyamazia pande zote mbili. Nikamweleza ulichoniandikia kuhusu kubana. Akaketi juu ya beseni la nguo mbichi, na nguo zimo. "Mimi nilidhani amenikinai," akasema. Halafu badala ya kupoa, akakasirika zaidi, na nadhani ana haki. Mtu akikuchukia unajua pa kwenda. Akikukinga bila kukuambia, anakuacha umesimama huna la kushika. Amesema hafunganyi mizigo mpaka uje mwenyewe, useme kwa mdomo.

Redio anauliza kama baba yake bado ni nguzo. Sijui neno hilo kalitoa wapi. Nadhani kwa mama yake.

Majibu yakitoka safi, njoo. Yakitoka vinginevyo, niandikie siku hiyo hiyo. Dawa zipo, na mimi sijasahau kumhudumia mgonjwa. Hukuandika wewe uliacha kubana lini. Nimeliona hilo pia.

Ukija, usije na zoezi lolote. Pumua ovyo, kama watu.

Shangazi yako


14 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa mezani kwako, nawe uko ukumbini na wazee. Mambo haya siwezi kuyasema kwa kupaza sauti, na wewe bila kupaziwa husikii. Nitaiacha karatasi hii chini ya birika.

Baba anakusalimu. Amempa mbwa jina na wanatembea pamoja.

Makohozi yangu ni safi na eksirei ni safi. Watarudia kupima, ndiyo utaratibu. Kabla ya kuondoka nilisimama kwenye kikao cha asubuhi. Nikasema mazoezi niliyaleta mimi, na kwamba ulishatuonya kuhusu kubana vyumbani, na kwamba nilisoma onyo hilo na nikaendelea kuzama mpaka Mashine alipolazwa. Nikaeleza habari ya pumzi ya mlangoni kama ulivyoieleza, pamoja na paka. Wawili wakatazama chini, nikajua bado wanazama. Nilitegemea kufokewa. Metroni akasema, "Umesikika. Nani anaingia chumba cha nne?" Wale wawili wakaenda kuchukua barakoa. Hakuna kingine kilichotokea.

Mashine anameza dawa, anazitapika, anameza tena. Makohozi yameanza kupungua. Nilimwambia nakuja huku. Akasema, "Nenda. Ukifika usizame."

Jana uliniona nimeshaketi, kwa hiyo hukuona mlangoni palivyokuwa. Mke wangu ndiye aliyefungua. Nikasimama upande wa nje, shingo imekaza, kifua kimejaa. Haikuwa nia. Mwili umezoea milango. Akaningoja. Aliponichoka akasema, "Unaingia, au umekuja kusoma mita?"

Ilibidi nijibu, na jibu linataka pumzi. Nikasema naingia. Nikasema na yale mengine pia, pale pale, mkoba begani: kwamba nilikuwa nabana, kwamba ni woga, kwamba kutomwambia lilikuwa kosa. Akasema, "Haya, nimekusikia." Akanionyesha godoro la sebuleni.

Hatujazungumza zaidi ya hapo. Sijui kama watarudi nami, na sijauliza. Ningekuambia nimefurahi kuwaona ningekuwa natia chumvi. Najua ni wao, najua walipokaa, najua mke wangu amepungua na binti ameongezeka. Ganzi ipo bado. Ila leo nilipokunywa chai yako niliona ina sukari nyingi mno, na ikanikera. Nakuambia kwa sababu uliwahi kufanya kazi hospitali na utajua kama hilo ni dalili ya kitu.

Baada ya chakula cha mchana nilijilaza. Redio akanipanda kifuani na hadithi ndefu ya paka wa jirani. Uso wake ulikuwa hapa kabisa, juu ya wangu. Nikahisi shingo inaanza kukaza. Nikaiachia. Pumzi ikaingia, ikatoka, ikampandisha na kumshusha. Akakatiza hadithi.

"Baba, unapiga kelele."

"Kelele gani?"

Akaweka sikio. "Hii. Inaingia, halafu inatoka."

"Ninyamaze?"

Akafikiri. Mama yake alikuwa mlangoni na sahani mkononi.

"Hapana," Redio akasema. "Mimi nitaongea kwa nguvu."

Mtoto wa kaka yako